Kabla Hujaagiza Draiva za Plana

Lalamiko tunalolisikia sana kwa wateja wanaojiundia hedifoni ni hili: upande mmoja una besi, mwingine umepwaya. Wengi hudhani wamekosea kuchomelea waya. Mara nyingi chanzo ni manunuzi: draiva, yaani vile vifaa vya ndani vinavyotoa sauti kila upande, zilinunuliwa mojamoja, hazikuwa jozi.

Draiva ya plana haina koni wala koili kama spika ya kawaida. Ina utando mwembamba wa plastiki wenye mstari wa alumini uliopita huku na huko juu yake, nao umetandazwa mbele ya safu ya sumaku au katikati ya safu mbili. Umeme wa muziki ukipita kwenye mstari, karibu utando wote unasukumwa kwa pamoja. Si jambo geni; Yamaha walitoa hedifoni ya plana ya HP-1 mwaka 1976. Kazi iko kwenye kuukaza utando. Ukikazwa kupita kiasi, besi ya chini inakatika mapema. Ukilegea, unagusa sumaku na kukwaruza. Tofauti ndogo tu kati ya kushoto na kulia, sikio linaikamata.

Kwa hiyo anayeanza tunamshauri asinunue draiva tupu. Atafute hedifoni ya plana ya Fostex T50RP nzima, hata iliyotumika, afungue atoe draiva zake. Hadi toleo la mk3 ni za omu 50 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), zimetengenezwa kukaa pamoja, na mafundi wamezichokonoa miaka mingi. MrSpeakers ya Marekani, ambayo leo ni Dan Clark Audio, ilianza kwa kuzirekebisha hedifoni hizohizo.

Ukitaka draiva tupu za kutoka China, zipo tele, ila muulize muuzaji maswali kabla hujalipa. Je, ni jozi iliyopimwa? Ana grafu ya sauti ya pande zote mbili? Akikwepa, achana naye hata kama bei inavutia. Halafu angalia namba ya desibeli, inayoonyesha ukubwa wa sauti ya draiva: imepimwa kwa miliwati moja au kwa volti moja? Kwa draiva ya omu 50, volti moja ni miliwati 20, hivyo namba ya volti huonekana kubwa zaidi kwa desibeli 13 ilhali draiva ni ileile. Wapo walionunua kwa namba hiyo, kisha simu ikashindwa kuzisukuma wakalazimika kutafuta amplifaya.

Mzigo ukifika, futa meza kwanza. Unga wa chuma ukivutwa na sumaku ukaingia ndani, kuutoa ni shughuli. Pima kila draiva kwa mita ya umeme: mstari wa alumini una tabia ya rezista, kwa hiyo usomaji utakaribia omu zilizoandikwa, na pande mbili zisipishane sana. Kisha piga sauti ya majaribio kuanzia hezi 20 kupanda, kwa sauti ndogo, ukisikiliza mkwaruzo. Usibonyeze utando kwa kidole. Unapochomelea, gusa upesi uondoe pasi, maana plastiki haivumilii joto.

Sisi tunaagiza kwa jozi tu. Kila jozi tunaipima mbele ya mteja, anaondoka na grafu yake, na isiyolingana haitoki dukani. Kama ulishanunua kwingine na pande hazilingani, lete zote mbili pamoja na makasha na mito yake ya masikio, kwa sababu mto unaovujisha hewa nao hupoteza besi, na hilo tunalikagua kwanza kabla ya kuilaumu draiva.