Mpelelezi Conan apewe sauti za Kiswahili

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe ombi kwa vituo vyetu vya televisheni. Mimi ni fundi cherehani katika soko la Kibuye, mjini Kisumu, na kwa miaka minne sasa wateja, wanagenzi na wachuuzi wa jirani wamekuwa wakikusanyika kibandani mwangu alasiri kutazama katuni ya Kijapani ya Mpelelezi Conan. Simu huegemezwa kwenye robota la vitambaa, nami, mguu ukiwa kwenye cherehani, husoma maandishi ya Kiingereza yapitayo chini ya picha na kuyasimulia kwa Kiswahili hadi walio nyuma wasikie. Maandishi hayo hupita upesi, na mara nyingi muuaji huwa ameshatajwa kabla sijamaliza kueleza ushahidi.

Kwa wasioifahamu, hadithi hii ilianza kuchorwa na Gosho Aoyama mwaka wa 1994, na tangu Januari 1996 imekuwa ikionyeshwa katika televisheni ya Japani, hata sasa sehemu zake zimepita 1,100. Inamhusu Shinichi Kudo, mwanafunzi wa sekondari mwenye kipaji cha upelelezi, ambaye wahalifu walimnywesha sumu ili afe, lakini badala ya kumuua ikamrudisha kuwa mtoto wa umri wa darasa la kwanza. Akajiita Conan Edogawa na kwenda kuishi kwa Kogoro Mouri, mpelelezi asiye hodari, baba wa msichana ampendaye. Kwa kuwa watu wazima hawamsikilizi mtoto, Conan humdunga Mouri sindano ya usingizi itokayo kwenye saa yake ya mkononi, kisha hujificha na kufumbua kisa chote kwa sauti ya mzee huyo.

Wapo wanaotuambia kwamba katuni ni mambo ya watoto. Sikubaliani nao hata kidogo. Katika sehemu ya kwanza kabisa mtu anauawa ndani ya kigari cha bustani ya michezo, kile kiendacho mbio kwenye reli zilizopinda juu na chini, na mmoja wa abiria ana michirizi ya machozi iliyoelekea masikioni badala ya kushuka mashavuni. Tulipofika hapo, mama mmoja auzaye omena aliniomba nirudishe nyuma. Akautazama uso ule, akapitisha kidole chake kutoka pembe ya jicho hadi sikioni, akasema, "Huyu alilia kigari kikiwa bado kinakimbia. Alijua." Mama huyo hasomi Kiingereza, lakini alilifumbua fumbo kabla ya Shinichi kufungua kinywa.

Wala upelelezi si mgeni katika lugha yetu. Jina la Conan limetokana na mwandishi wa Uingereza Arthur Conan Doyle, na la Edogawa na mwandishi wa Kijapani Edogawa Ranpo. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar naye alimtazama mpelelezi Sherlock Holmes wa Doyle alipomwumba mpelelezi wake Bwana Msa, mwenye kiko chake na rafiki yake Najum, katika riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale. Conan na Bwana Msa, basi, ni watu wa ukoo mmoja, na inasikitisha kwamba huyu mdogo hatujamsikia akisema nasi kwa Kiswahili.

Najua kazi yenyewe si nyepesi, kwa sababu mafumbo mengi yamejengwa juu ya herufi za Kijapani na namna neno moja linavyosomeka kwa njia mbili, na mtafsiri atalazimika kuyasuka upya. Hata hivyo, mwaka wa 2011 TBC ya Tanzania ilionyesha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, na huku kwetu wasimulizi wa filamu katika vibanda vya video wamezoea kumsemea kila mhusika kwa ulimi mmoja.

Ombi langu ni kwamba kituo kimojawapo kitafute haki za kuionyesha katuni hii, kianze hata na sehemu ishirini tu, na kisiwaachie wasemaji wa matangazo ya biashara kazi hiyo. Huko Japani Conan amesemewa na mwanamke, Minami Takayama, tangu 1996. Hapa waende katika tamasha za drama za shule, ambako kila mwaka wasichana wa Nyanza na Magharibi hughani mashairi ya Kiswahili hadi ukumbi ukanyamaza, wamtafute Conan wetu huko.

Fundi cherehani,
Kibuye, Kisumu