YAH: Kufunga muhula, hadithi za Darasa la Sita na mambo yaliyonikera

Ndugu Mzazi/Mlezi,

Salaam. Shule imefungwa leo. Kila mwanafunzi amepewa ripoti yake mkononi. Kama hujaiona, kagua begi.

Naanza na Darasa la Sita. Mwalimu wao wa Kiswahili aliwatuma wawaulize wazee nyumbani kisa kimoja cha kweli, kisha wakigeuze kuwa hadithi ya kubuni. Sisi ni watu wa Mwanza, kwa hiyo wengi walirudi na kisa cha MV Bukoba, meli iliyozama Ziwa Victoria. Tarehe 21 Mei 1996 watoto hawa hawakuwapo, na baadhi yenu mlikuwa bado mnabebwa mgongoni. Rasimu za kwanza zilisomeka kama taarifa ya habari: meli ilitoka Bukoba, ikapitia Kemondo, ikapinduka, mamia wakafa. Mwalimu akazirudisha zote. Badilini majina, akawaambia, badilini anayesimulia, ongezeni hata ambalo halikutokea. Ila kitu kimoja alichokisikia au kukinusa mzee wako usikiguse.

Binti mmoja alisimuliwa na bibi yake jinsi watu walivyosikika wakigonga ndani ya meli iliyopinduka. Kwenye hadithi yake hakuna meli wala ziwa. Kuna mvulana ambaye, tangu baba yake asafiri asirudi, hujificha uvunguni kila mtu anapobisha hodi. Iliposomwa siku ya wazazi, bibi alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Huyo mtoto namjua." Nimeshika chaki miaka mingi, wala sikuwahi kusikia uwanja wetu ukitulia vile.

Mpira tulifungwa. Vyoo vipya vimekamilika, bado milango.

Sasa, wapo wazazi waliowaandikia watoto hadithi. Mtoto wa Darasa la Sita haandiki "kwa mustakabali wa taifa letu". Tumezirudisha.

Yupo pia mzazi aliyekuja ofisini akifoka kwamba mwanawe kamdhalilisha. Mtoto aliandika juu ya mtu anayepewa na mkewe hela ya mchango wa uji, akaishia nayo kilabuni. Jina alibadilisha, kijiji alibadilisha, hata kofia. Mzee wangu, hakuna aliyejua ni wewe mpaka ulipoingia na kutangaza mbele ya walimu wote. Mtoto hakuadhibiwa na hataadhibiwa, na nisisikie amechapwa nyumbani. Mchango wenyewe tuliupitisha pamoja kwenye kikao, mikono ikanyooshwa juu. Leo zaidi ya nusu yenu hamjatoa, na sufuria ni lile lile kwa watoto wote.

La mwisho ni utoro. Nimekaa na rejista, nikaona jambo ambalo mvuvi yeyote angeliona: mwezi ukiwa gizani, dagaa wanavuliwa na madawati yanabaki matupu, mbalamwezi ikirudi, watoto nao wanarudi. Wanaanika dagaa mwaloni, mnajua, maana ndio mnaowatuma. Kisha wanakuja na barua zenu za misiba. Mwanafunzi mmoja amemzika shangazi yule yule mara tatu muhula huu. Nilipombana akanijibu, "Mwalimu, nimebadilisha kidogo tu."

Shule ikifunguliwa, mwenye deni la uji aje mwenyewe, asimtume mtoto. Aliyekosa siku zaidi ya tatu aje na mzazi wake, na mzazi aje na maelezo ambayo hayajabadilishwa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu Mkuu