Elia, dawa za asubuhi usiziache

Mwanangu Elia,

Dada yako alinipigia jana usiku. Anasema umemwambia, kama jambo la kawaida tu, kwamba vidonge vya asubuhi umeacha kumeza, unabaki na vya usiku peke yake, kwa sababu vya asubuhi vinakuletea usingizi kazini. Nakuandikia maana kwenye simu utasema "sawa baba", halafu mazungumzo yataishia hapo.

Dawa hizo usizikate, Elia.

Uvimbe wa kichwani umetoka, ni kweli. Majibu ya maabara yalisema ni meninjioma, uvimbe unaoota kwenye utando unaofunika ubongo, si saratani, na namshukuru Mungu kwa hilo kila ninapoamka. Lakini kutoka kwa uvimbe si mwisho wa kuanguka. Pale ulipokuwa pamebaki kovu, na kovu la ubongo linaweza kuanzisha kifafa hata miezi mingi baada ya upasuaji. Wewe ni fundi umeme, hili unalielewa kuliko mimi. Waya ukichubuka ndani ya ukuta, taa zinaendelea kuwaka vizuri tu, wenye nyumba wanalala bila wasiwasi, mpaka siku shoti inapiga. Karbamazepini, hiyo dawa yako ya kifafa, inaizuia shoti hiyo kwa sababu imo kwenye damu yako muda wote, asubuhi na jioni. Ukiikata ghafla, kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu, mtu akaanguka mara kwa mara bila kuzinduka katikati. Ndicho ninachokiogopa. Sijalala vizuri tangu jana.

Usingizi unaousema siukatai. Dawa ile inaleta usingizi, inaleta kizunguzungu, wengine wanaona vitu viwiliviwili. Lakini hayo anaambiwa daktari. Anaweza kupunguza dozi, anaweza kuigawa upya, anaweza hata kukubadilishia dawa. Na siku ya kuacha ikifika, inapunguzwa kidogo kidogo, yeye akiangalia. Umesoma VETA miaka yote ile, mteja akikuletea waya wake aliounganisha mwenyewe unamgombeza, na wewe unajipimia dawa za ubongo kwa kubahatisha! Hospitali ya KCMC huku Moshi si mbali. Ni kilomita kama 80 kutoka hapo Arusha, unapanda basi alfajiri, jioni umerudi Sakina. Hujaambiwa uende tena Dar.

Na sasa ngazi. Dada yako hakulitaja hili, lakini mimi nakujua. Mtu anayetumia dawa za kifafa hapandi ngazi, hapandi nguzo, hatembei juu ya dari, mpaka daktari amruhusu kwa mdomo wake. Pikipiki vilevile, hata ya kuazima, hata mpaka dukani. Fanya kazi za chini: soketi, mita, kupima. Bosi wako amekushikia nafasi muda wote huo, hatashindwa kukupa kazi za chini. Mwambie ukweli. Nimefurahi sana ulivyorudi kazini, nawaambia watu hapa Kibosho bila kuulizwa. Nataka uendelee kuifanya kazi hiyo ukiwa na miguu miwili na kichwa kizima.

Huyo mwenzako mnayekaa naye, umeshamwambia? Usione aibu. Siku ukianguka, yeye ndiye atakayekuwepo, si mimi. Ajue kukulaza ubavu, asikuwekee kijiko wala kitu chochote mdomoni, asikubane mikono, aondoe vitu vya kukuumiza, aangalie saa. Ikipita dakika 5 hujatulia, atafute gari, hospitali. Na ukipata homa, au kichwa kikaanza kuuma kwa kuzidi, au ukatapika, au mshono ukatoa maji, usisubiri siku ya kliniki. Nenda siku hiyohiyo.

Mechi za usiku za Ulaya ziache kwa sasa. Kukosa usingizi kunaita kifafa. Pombe nayo, hata mbege ya msibani, hata kama wajomba watasema umekuwa mlokole.

Atatokea pia mtu wa kukwambia uende ukaombewe uachane na vidonge. Nenda ukaombewe. Vidonge umeze.

Ile picha ya MRI waliyosema irudiwe, usiisogeze mbele kwa sababu unajisikia vizuri. Meninjioma inaweza kuota tena hata ikiwa imetolewa yote, na huwa inakua polepole, mwenyewe usihisi lolote. Picha ndiyo inayoona. Kama bima inasumbua niambie mapema. Ng'ombe mkubwa tulishamuuza, na angeuzwa mapema zaidi kama shauri la mama yako lingesikilizwa, lakini mtamba yupo na anakaribia kuzaa. Fedha haitakosekana.

Ulivyomjibu mama yako siku ya kuondoka haikuwa sawa. Muuguzi alitueleza kwamba ubongo uliofanyiwa upasuaji huchoka upesi, na uchovu ule hugeuka hasira, kwa hiyo hakuna aliyekuwekea kinyongo. Mpigie tu. Usitume ujumbe, mpigie.

Huku mvua imeanza vizuri. Mfereji ulikuwa umeziba juu kule kwa jirani, tumeuzibua, maji yanafika mpaka kwenye kahawa. Mibuni ile ya zamani ya babu yako nimeing'oa upande wa bondeni, nimepanda miche mipya ya TaCRI, wale watafiti wa kahawa. Taa ya jikoni bado inacheza. Mama yako hataki fundi mwingine aiguse, anasema atakungoja wewe. Utaitengeneza ukija kliniki, swichi iko chini, haihitaji ngazi.

Leo baada ya kupokea barua hii, jioni unywe dozi yako ya usiku kama kawaida, usiongeze ya kufidia. Kesho asubuhi piga simu kliniki kabla hujatoka nyumbani, waambie ni dozi zipi umeruka na tangu lini, bila kuficha, na ufuate watakalosema. Kisha unipigie mimi.

Kuna mkungu wa mshare na chupa ya maziwa mgando kwenye basi la kesho. Konda atakupigia akifika stendi. Uwahi kabla ya saa nane, maziwa hayasubiri.

Baba yako.