Watoto wa kriketi wafundishwe shabaha kabla ya kasi

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu tunaofundisha watoto kriketi hapa Tanga. Tunawashabikia mno wanaorusha kwa kasi. Mtoto akichomoka mbio na mpira ukavuma, tunapiga makofi hata kama umepita mbali na wiketi, vile vijiti vitatu anavyovilenga. Siku ya mechi mwamuzi ananyoosha mikono yote miwili kuonyesha mpira umeenda pembeni mno, wapinzani wanapata mkimbio (pointi moja) wa bure, na mpira unarudiwa. Ova, yaani zamu ya mrushaji ya mipira sita, inafika kumi, mpigaji hajagusa kitu.

Kumfokea mtoto "lenga!" hakusaidii. Mpe mchezo wenye pointi.

Chumbageni, ninakofundisha, tunang'oa vijiti viwili tunabakiza cha katikati. Wiketi nzima ina upana wa sentimita 23 tu, lakini aliyezoea kijiti kimoja akirudishiwa vitatu anaona kama mlango. Kisha tunatandika gunia la katani mita 6 hivi mbele ya kijiti. Kwa wanaozungusha mpira tunalisogeza karibu zaidi. Mpira ukidunda kwenye gunia ni pointi 2. Ukidunda hapo na kuangusha kijiti, 5. Ukienda pembeni, timu nzima inakatwa 1. Hapo pa kukatwa timu ndipo penye utamu, maana watoto wenyewe huanza kuambiana: "Punguza mbio, tazama kijiti!" Wakishazoea, mrushaji anataja kwanza mpira utadunda wapi, ndipo anakimbia.

Michezo hii inamfumbua macho hata mwalimu. Nina binti wa darasa la sita ambaye mipira yake ilikuwa ikitawanyika huku na huko. Tulipomwangalia kwa karibu, kichwa kilikuwa kinalala kushoto na macho yanatazama chini wakati mkono unaachia mpira. Kasi yake haikuwa na tatizo lolote. Tukamwekea kandambili pale anapoanzia mbio ili hatua zisibadilike, tukamwambia asiondoe macho kwenye kijiti mpaka mpira udunde. Sasa ndiye tunayempa ova ya mwisho.

Na tafadhali, wadogo wasirushe kwenye pichi kamili ya mita 20. Wanalazimika kuutupa mpira juu ili ufike, wanaharibu mkono. Fupisheni. Mpira wa tenisi uliozungushiwa tepu nyeusi ya mafundi umeme unatosha kabisa.

Timu yetu ya taifa ya vijana wa chini ya miaka 19 imecheza Kombe la Dunia la kriketi la rika hilo mwaka 2026, na watoto wetu wanaotamani kufika huko ni wengi. Kwa hiyo nawaomba waandaaji wa mabonanza ya shule: zawadi ya mpigaji bora ibaki, ila iongezwe nyingine, ya mrushaji aliyetoa mipira michache zaidi ya pembeni.

Mwalimu wa kujitolea,
Chumbageni, Tanga