Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa: janga lijalo lisichukue mashine ya kifua kikuu

Ndugu Mganga Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam,

Yah: Kulinda upimaji wa kifua kikuu hospitalini wakati wa mlipuko

Tunaokuandikia ni wataalamu wa maabara na wauguzi wa kliniki za kifua kikuu za jiji hili. Tunaandika sasa, kabla dharura nyingine haijabisha hodi. UVIKO-19 ilipoingia, wagonjwa wapya wa kifua kikuu waliogunduliwa duniani walishuka kutoka milioni 7.1 mwaka 2019 hadi milioni 5.8 mwaka 2020, kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani. Ugonjwa haukupungua. Waliopungua ni waliopimwa, na vifo vikapanda.

Kasoro inaanzia getini. Wakati wa janga, anayekohoa hupelekwa kwenye hema, akachukuliwa sampuli ya puani, na majibu yakiwa hasi akaruhusiwa. Kijiti cha puani hakioni kifua kikuu. Yanatakiwa makohozi mililita 3 hadi 4, yaliyotoka kifuani na siyo mate, yakatolewe nje penye hewa, kamwe si chooni. Lakini hema halina vikopo vya makohozi, wala hakuna anayeuliza kikohozi kina wiki ngapi. Wiki 2 zatosha kumpima. Anayeishi na VVU apimwe hata kama kimeanza jana.

Asipoulizwa, anarudi Mbagala au Tandale, anajifukiza nyungu, kisha anapita duka la dawa. Akiuziwa antibiotiki kama siprofloksasini au levofloksasini, kikohozi hutulia kwa muda, kwa kuwa dawa hizo huwapunguza bakteria wa kifua kikuu bila kuwamaliza. Huyo tutamwona miezi kadhaa baadaye, keshaambukiza nyumba nzima. Naye aliyelazwa wodini akipewa deksamethasoni, dawa ya kutuliza uvimbe ambayo pia hushusha kinga, kabla makohozi yake hayajapimwa, kinga yake inashushwa bakteria wakiwa bado kifuani.

Sasa mashine yenyewe. GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya kifua kikuu kwenye makohozi, ile ya kawaida ina moduli (vyumba vya kupimia) 4, na kila moduli hubeba katriji moja, yaani kikasha cha kipimo kimoja. Makohozi huchanganywa na kimiminika chake, sehemu 1 kwa 2, yakatikiswa kwa nguvu na kuachwa dakika 15, huku yakitikiswa tena katikati. Mililita 2 huingia kwenye katriji, na kipimo chake cha kifua kikuu kiitwacho Ultra huchukua takriban dakika 80. Kwa zamu ya masaa 8 utatoa majibu 16 hadi 20, mambo yote yakienda sawa. Mashine hiyohiyo hupima UVIKO-19, mpox, Ebola na wingi wa VVU. Moduli 2 zikichukuliwa, unabaki na majibu 8 hadi 10, na foleni ya kliniki iko palepale.

Mambo yenyewe mara nyingi hayaendi sawa. Umeme ukikatika katikati ya kipimo na betri ya akiba imechoka, katriji imekwenda na maji. Mashine inataka chumba kisichozidi nyuzi 30. Mchana wa Februari hapa Dar, bila kiyoyozi, hilo halipatikani. Chujio la feni likijaa vumbi, joto hupanda na majibu yanakuwa ya hitilafu. Mashine ikielemewa na kazi za janga, usafi na kalibresheni (kuhakiki usahihi wa mashine) ndivyo vinavyoahirishwa kwanza.

Tusiambiwe turudi kwenye darubini. Darubini huhitaji vimelea 5,000 hadi 10,000 kwa mililita ndipo ivione, Ultra huona hata chini ya 20, na darubini haisemi lolote kuhusu usugu wa vimelea kwa rifampisini, dawa kuu ya kifua kikuu.

Tunaomba waraka wako, wenye sahihi, uelekeze kwamba katika kila hospitali nusu ya moduli zibaki za kifua kikuu hata siku ya dharura. Kila hema la kikohozi liwe na vikopo na fomu ya maombi ya kipimo, na sampuli mbili, ya puani na ya makohozi, zichukuliwe kwa pamoja. Makohozi yatakayokosa nafasi yasimwagwe: kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 8 hukaa hadi siku 7. Bodaboda wanaobeba sampuli kutoka zahanati wasihamishiwe kazi ya mlipuko peke yake.

Nakala ibandikwe mapokezi na mlangoni mwa maabara, ili wa zamu ya usiku aisome bila kumpigia simu mratibu.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Wataalamu wa maabara na wauguzi wa kliniki za kifua kikuu,
Dar es Salaam