Uhura Kakatika Kiuno

Malindi, Shela (ya huku, si ya kwenu Lamu)
Jumapili, baada ya isha

Sahibu yangu Shee,

Asalaam aleikum. Huku sote wazima, ila joto halisemeki, na mama anakusalimu sana na anauliza iko wapi halua uliyomuahidi tangu Mfungo Tatu. Mjibu mwenyewe. Mimi nimechoka kukutetea.

Uliniuliza kwenye simu kama lile boksi la sanamu za Star Trek, kile kipindi cha televisheni cha Marekani cha mabaharia wa chombo cha angani, lafaa bei aliyoitaja yule mzee wa Kiitaliano, nami nikakwambia nitakuandikia. Sababu ni mbili. Kwanza, mambo haya mtu akiyasema kwa simu yanaonekana ya kitoto, na pale dukani palikuwa na wateja. Pili, wewe una tabia ya kukata simu ukisikia jibu usilolitaka, na barua haikatiki. Basi kaa kitako.

Boksi nimelinunua. Alianza na elfu thelathini, nikamwachia elfu kumi na mbili. Masikini anarudi kwao, anauza kila kitu, mpaka feni za dari na mitungi ya uani. Sanamu hizi kazirithi kwa kaka yake, na nilivyomuona, angenipa bure kama ningejua kunyamaza. Lakini unanijua.

Ndani mna makundi matatu. La kwanza ndilo la wazee: sanamu tano za kampuni ya Mego ya Marekani, zile zilizoanza kutoka mwaka 1974, miaka mitano baada ya kipindi chenyewe kusimamishwa. Kirk nahodha, Spock msaidizi wake, Daktari McCoy, Mklingoni mmoja (wale maadui zao wa angani), na Uhura, afisa mwanamke. Urefu wao kama shibiri moja, nguo zao ni za kitambaa kweli, zavalika na kuvulika. Pamoja nao mna ile nyumba yao ya kuchezea, chumba cha kuongozea chombo, kimetengenezwa kwa kadibodi iliyovishwa plastiki nyororo. Hiyo sahau. Unyevu umeingia kati ya plastiki na kadibodi, imevimba kama mkate uliodondokewa na chai. Kilichosalimika ni kile kijisanduku cha kuzunguka: unamtia Spock ndani, unakizungusha, ukikisimamisha Spock hayupo. Mwanangu amekizungusha tangu juzi na kila mara anashangaa upya. Mimi pia, kusema kweli.

Spock ndiye bora kuliko wote. Masikio yamechongoka sawasawa, na uso una ile dharau ya kistaarabu ya Leonard Nimoy aliyemwigiza, kama mwalimu aliyekuta hesabu yako imekosewa mstari wa pili. Mgongoni amepigwa muhuri wa mwaka kwa tarakimu za Kirumi, 1971. Usije ukaambiwa na mjanja yeyote kwamba sanamu ni ya mwaka huo. Huo ni mwaka wa kiwiliwili. Mego walikuwa na kiwiliwili kimoja wakikivisha kichwa na nguo za kila namna. Ndiyo maana hata yule Gorn wao, ambaye kwenye kipindi ni mjusi mkubwa, walimtoa dukani amevaa nguo za Mklingoni. Waliona hasara kushona nyingine.

Kirk ana sura ya karani wa benki. McCoy yuko sawa, sina la kusema. Mklingoni kapoteza kiatu kimoja. Na Sulu na Chekov, mabaharia wengine wa chombo, usiwatafute, kampuni haikuwatoa zama zile. Ukikutana na mtu anakuuzia Sulu wa Mego wa 1974, mpishe apite.

Sasa Uhura. Uhura kakatika kiuno, na usicheke, sisemi ngoma. Sanamu hizi zimeunganishwa kwa ndani na uzi wa lastiki, na lastiki haipendi miaka, haipendi joto, haipendi hewa ya chumvi, na Malindi ina vyote vitatu. Nilipomwinua, miguu ilibaki mezani. Gauni lake jekundu limepauka begani upande uliokuwa ukipigwa na jua la dirishani. Na uso, Shee, si wa Nichelle Nichols aliyemwigiza kabisa. Ni uso wa mwanamke mzuri yeyote, aliyepakwa rangi na mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda kula.

Kundi la pili ndilo ulilolitaka wewe. Seti ya sanamu saba ya kampuni ya Playmates, ya 1993, mabaharia wote wa chombo cha kwanza katika katoni moja, ina dirisha la plastiki mbele, haijafunguliwa. Ulinisisitizia: usifungue. Ulinieleza mara mbili kwamba wakusanyaji wa Ulaya na Marekani wanalipa katoni, si sanamu, na ukishakata utepe umeshachinja thamani.

Nimefungua.

Ngoja, usiikunje barua. Nimefungua kwa sababu nilikuwa nimeketi na Uhura aliyevunjika mkononi, na Uhura mzima ananitazama kupitia plastiki iliyokwisha kugeuka njano, na nikaona siwezi kukupa hukumu ya haki bila kuwaweka wawili hawa pamoja. Hukumu umeitaka mwenyewe. Hasara ya katoni nitaibeba mimi, hesabu iko chini.

Basi sikiliza. Uhura wa Playmates ni mdogo, kama urefu wa kidole cha kati na nusu yake, na nguo si kitambaa, ni plastiki ileile ya mwili, zimechongwa pamoja. Uso wake ni bora mara kumi. Mtu aliyeuchonga alimtazama yule mama, ule mdomo unaotaka kucheka lakini kazi haijaisha. Nilifurahi mpaka nikamwita mke wangu aje aone. Akaja, akamshika, akajaribu kumkalisha juu ya kisanduku cha kiberiti. Hakai. Sketi ni ngumu kama kengele, ukimkunja miguu anaegemea nyuma kama mlevi. Mke wangu akauliza, "Huyu kazi yake ni gani?" Nikamwambia ni afisa wa mawasiliano, anakaa mbele ya mitambo na kidude sikioni siku nzima. Akamrudisha mezani, akaenda zake. Hakusema neno, na hiyo ndiyo tathmini fupi na kali kuliko zote utakazosoma humu.

Wale sita wengine wa seti wamesimama vizuri, rangi zao zimetulia, hawana mkwaruzo. Ni mali safi. Sitakuchosha nao.

Kundi la tatu ni wanne wasio na katoni, wa ule mfululizo wa pili, wa nahodha Picard, nao ni wa Playmates vilevile, walioanza kutoka 1992: Picard mwenyewe, Data, Worf na Geordi. Vifaa vyao vya mkononi ni vya kuvunja moyo, vyote vimemiminwa kwa rangi moja bila kupakwa, utadhani vimetoka kwenye pakiti ya biskuti. Lakini Geordi ana miwani yake ya upofu inayovulika, na IPO. Naiandika kwa herufi kubwa kwa sababu imeshanianguka mara mbili na nimeitafuta kwa magoti na tochi. Ukiipokea, ibandike mara moja.

Wageuze uone nyayo. Kila mmoja amepigwa nambari yake chini ya mguu, na hiyo nambari ndiyo iliyowatia watu wazimu. Mwaka 1996 kampuni ilitoa baadhi ya sanamu kwa idadi ya 1,701 tu kila moja, kwa ajili ya nambari ya chombo chenyewe, NCC-1701. Dunia nzima, sanamu elfu moja na mia saba na moja! Wakusanyaji waliokuwa wamenunua kila sanamu tangu mwanzo wakajikuta seti zao zina mwanya usiozibika ila kwa pesa za wazimu. Wako waliokasirika wakaacha kabisa. Nimeangalia nyayo za hawa wanne, hakuna miujiza. Ni wa kawaida.

Sasa nikwambie jambo lililonikesha, maana hukumu yangu imetoka huko.

Unakumbuka banda la vidio la nyuma ya soko, tulipokuwa darasa la sita? Ile kanda iliyokuwa ikirukaruka? Wewe ulikuwa ukimtazama Kirk akipigana, mimi nilikuwa nikisubiri Uhura aseme. Kile kipindi cha kwanza kabisa kuonyeshwa Marekani, tarehe 8 Septemba 1966, kina zimwi linalokula chumvi ya miilini mwa watu, na linamjia Uhura kwa umbo la kijana mwanamume, likamsemesha Kiswahili. Banda zima lilipiga kelele. Bi mkubwa aliyekuwa akiuza mihogo mlangoni akachungulia kuuliza nani kafa. Kiswahili chenyewe kilikuwa kimepinda kidogo, lakini nani alijali? Na mimi mpaka leo nashangaa zimwi lile lilihangaika na watu wa angani la nini. Lingeshuka Gongoni kwenye mashamba ya chumvi, lingestarehe maisha.

Jina lake wamelitoa kwetu, walichukua "uhuru" wakageuza mwisho. Hilo walijua. Ila marehemu baba alikuwa na hadithi yake nyingine. Alikuwa akivua upande wa Ngomeni, na akisema siku moja waliambiwa wasiikaribie ile mitambo ya Waitaliano baharini, ile San Marco, kwa sababu wanarusha kitu. Ilikuwa Disemba 12, 1970, sikukuu ya Jamhuri. Kitu chenyewe kilikuwa setilaiti ya Wamarekani, ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kutafuta miali ya eksirei angani, na kwa sababu ya siku ile na nchi ile wakaiita Uhuru. Ilifanya kazi mpaka 1973, ikaorodhesha vyanzo 339 vya miali hiyo, na ndiyo iliyowapa wataalamu sababu ya kuamini kwamba chanzo kimoja, Cygnus X-1, ni shimo jeusi. Baba haya ya mwisho hakuyajua. Alichojua ni kwamba siku ile hakupata samaki, na kwamba moshi ulipanda ukapinda kuelekea baharini. Alikuwa akionyesha kwa mkono namna ulivyopinda.

Kwa hiyo ukifikiri, Uhura wa kwenye televisheni aliruka 1966, Uhuru wa kwetu akaruka 1970, na huyu wa Mego akaja 1974 na uso usio wake. Kati ya watatu hao mimi ninaye mmoja, na miguu yake iko kwenye kikombe cha chai.

Nimempeleka kwa fundi. Si fundi wa simu, fundi cherehani, yule mwenye kibanda karibu na stendi ya bodaboda. Alimgeuza, akapiga chafya, akachungulia ndani ya kiuno, akasema, "Huyu mpira tu." Gauni akalishika kwa kucha mbili akasema mshono wa ndani ni mzuri, aliyeshona alijua. Anaweza kumuunga. Yule wa Playmates siku akivunjika mguu, fundi gani utampelekea? Utamtia gundi, na ndiyo mwisho wake.

Hesabu basi. Nakutumia ile seti ya sanamu saba na katoni yake iliyofunguliwa kwa uangalifu kwa wembe (utepe nimeuhifadhi), pamoja na wale wanne. Bei nilikuwa nikutoze elfu tisa, lakini kwa kosa la wembe nipe elfu sita tukae salama. Kama mteja wako atataka katoni isiyoguswa, mwambie atafute pengine, wala usimdanganye. Kirk, McCoy na Mklingoni wa kiatu kimoja ukiwataka ni elfu mbili wote. Spock nimeshampa mwanangu, nimechelewa kumnyang'anya. Uhura wa Mego hayumo kwenye bei yoyote.

Watakuja na basi la Alhamisi mpaka Mokowe, kwa jina lako, halafu mtume kijana avuke kwa boti akawachukue. Asiwaache juani pale jeti. Ukifika nao nyumbani usiwaweke kwenye dirisha linalotazama bahari; wape kabati, na utie humo vile vifuko vidogo vinavyonyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Mimi nimeanza kuviokota dukani kwangu kama mwehu.

Na jambo moja. Fundi anataka lastiki nyembamba ya mviringo, nyeusi, si ile bapa ya kanzu za watoto. Hapa mjini nimezunguka maduka yote ya vifaa vya kushonea, wananipa bapa. Huko kwenu mtaa mkuu pana yule mzee wa vifungo na nyuzi. Nichukulie mita moja, uifungie kwenye kifurushi cha halua ya mama, wala usimwambie ni ya nini.

Wasalimie wote nyumbani.

Wako,
Salim