Zahanati zetu zipime kiuno, si uzito peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu makala ya wiki iliyopita kuhusu kitambi, ambayo mwandishi wake alieleza kwamba mafuta ya mwilini ni ghala tu la chakula, na kwamba ubaya wake ni mzigo unaoelemea moyo na magoti. Simlaumu sana, kwa kuwa mimi mwenyewe nilifundisha baiolojia hapa Masasi hadi nikastaafu, na kila mwaka niliandika ubaoni kazi tatu za mafuta: kuhifadhi nishati, kutunza joto na kukinga viungo vya ndani. Wanafunzi walinakili, wakafaulu. Somo lenyewe lilikuwa pungufu, kwa kuwa mafuta pia hutoa protini zinazopeleka habari mwilini, na waliopita mikononi mwangu naomba waniwie radhi.

Takriban kila seli ya mwili wa mtu ina jeni zilezile. Kinachoitofautisha seli ya mafuta na seli ya ini ni jeni zipi zinasomwa ili protini zake zitengenezwe, na kwa kiasi gani. Mwaka 1994 kundi la Jeffrey Friedman, katika Chuo Kikuu cha Rockefeller huko New York, lilitambua jeni ambayo ikiharibika panya hula asishibe, akanenepa kupita kiasi. Protini ya jeni hiyo iliitwa leptini. Hutengenezwa hasa na seli za mafuta, husafiri katika damu hadi ubongoni, na kuupa ubongo habari za akiba iliyopo, mithili ya mtunza ghala anayempelekea bwana shauri hesabu ya magunia. Wengi walitarajia kwamba leptini ingekuwa dawa ya unene, lakini watu wanene walio wengi walikutwa nayo tele katika damu yao tayari: ubongo wao ulikuwa umeizoea, kama anayelala jirani na mashine ya kusaga.

Leptini haiko peke yake. Mwaka mmoja kabla ya hapo ilikuwa imekwisha kuonekana kwamba mafuta ya panya wanene hutoa kwa wingi protini iitwayo TNF-alfa, ambayo seli za kinga huitumia katika kupambana na vimelea, na kwamba protini hiyo huizuia insulini, homoni inayoiwezesha sukari kuingia kwenye seli, isifanye kazi yake sawasawa. Seli ya mafuta inapojaa na kutanuka kupita kiasi, seli za kinga hukusanyika pembeni mwake kana kwamba pana kidonda, na mapambano hayo yasiyo na adui huendelea kimyakimya kwa miaka. Wakati huohuo hupungua protini nyingine, adiponektini, ambayo kazi yake ni kuisaidia insulini. Ajabu yake ni kwamba hutoka kwenye mafuta hayohayo, lakini mafuta yakizidi, adiponektini hupungua. Kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi ili sukari iingie kwenye seli, na likichoka, kisukari cha aina ya pili huwa kimefika.

Mahali mafuta yalipo pana uzito wake pia. Yale ya chini ya ngozi, mapajani na makalioni, yana madhara madogo kuliko yale yaliyozunguka utumbo, ambayo damu yake huelekea moja kwa moja kwenye ini ikiwa imebeba asidi za mafuta na protini nilizozitaja. Na asije mtu akadhani kwamba dawa ni kutokuwa na mafuta kabisa: wapo wachache wanaozaliwa karibu bila tishu ya mafuta, nao hupata kisukari kikali na ini lenye mafuta, kwa sababu akiba imekosa pa kukaa na leptini haipo ya kutosha. Hao ni miongoni mwa wachache ambao leptini imewafaa kama tiba.

Mke wangu ni fundi cherehani, na katika daftari lake la vipimo jina langu limo tangu tulipooana. Miaka tisa iliyopita kiuno changu kilikuwa inchi 34. Mwaka juzi kilikuwa inchi 39. Katika miaka hiyohiyo, kwenye zahanati ambayo sitaitaja, nilipandishwa kwenye mizani kila nilipokwenda kupima presha, na uzito wangu ulipanda kilo mbili tu, kwa kuwa mikono na miguu ilikonda kadiri tumbo lilivyotangulia mbele. Kila mara niliambiwa niko vizuri. Mtaani nako niliambiwa nimenawiri, hasa baada ya minada ya korosho, maana kwetu huku kitambi bado kinahesabiwa kuwa ushahidi wa mauzo mazuri. Kisukari kiligunduliwa nilipokwenda kutibiwa kidonda cha mguu kilichokataa kupona.

Ninachoomba kwa waganga wakuu wa wilaya zetu za Mtwara na Lindi ni kitu kidogo: futi kamba, ileile ya mafundi, iwekwe kando ya mizani. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari limependekeza kwamba mwanamume aliyefikisha kiuno cha sentimeta 94 (kama inchi 37) na mwanamke aliyefikisha 80 (kama inchi 31 na nusu) wachunguzwe zaidi. Vipimo hivyo kwa sisi Waafrika vimeazimwa kutoka kwa watu wa Ulaya, na wataalamu bado wanavijadili, lakini kwa kuanzia vinatosha kumfanya mhudumu apime sukari ya mgonjwa kabla hajamruhusu aende nyumbani.

Kipimo kichukuliwe kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, mtu akiwa amesimama na ameshusha pumzi. Wanaume wasiulizwe namba ya suruali. Mke wangu ana wateja wanaovaa 34 tangu ujana wao na wanaijivunia, kumbe mkanda umeteremka chini ya tumbo.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Masasi, Mtwara